Alama ya Kidole Kwenye Nta

Ukilowesha sufi ya mkamwana, baridi humla mwana.

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia Mama Sijaona maneno hayo asubuhi hii, alipomkuta akitia konzi ya pili ya chumvi kwenye mchuzi wa mkamwana wake, na mkamwana mwenyewe kaenda kuteka maji. Mkacheka. Chekeni, meno mnayo bado. Lakini mmeuliza sufi na mchuzi vina udugu gani, na anayeuliza hafukuzwi. Basi sogeeni, maneno hayo yana kwao.

Zamani, kiberiti kikiwa bado kitu cha kusimuliwa tu, wanaume wa nchi hii ya miyombo walipokwenda kurina asali walibeba moto mkobani. Msiwaone wajinga, haukuwa moto unaowaka. Ulikuwa mkoba wa ngozi ya mbuzi, na ndani yake mlikuwa na ulindi, yaani kijiti kigumu cha kupekecha, na uwimbombo, kibao laini chenye vishimo ambamo ulindi huzungushwa mpaka litoke kaa dogo. Lakini vijiti hivyo viwili visipokuwa na kitu cha kulipokea lile kaa, ni kama mume na mke wasio na nyumba: vinasuguana tu. Kitu hicho ndicho sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi. Ilichambuliwa, ikaanikwa juu ya paa, ikajaribiwa kidogo jikoni, kisha ikashindiliwa katika kibuyu pamoja na unga wa magome makavu. Kibuyu kikazibwa kwa gunzi la hindi, na juu ya gunzi ikamiminwa nta. Kabla nta haijaganda, mwanamke aliyefunga aliikandamiza kwa kidole gumba.

Alama hiyo ilikuwa neno zima: moto huu nimeufunga mimi. Mwanamume aliyeivunja kabla ya kufika porini alikuwa amemwambia mkewe mbele za watu, mikono yako siiamini. Hakuna aliyethubutu. Nao warinaji waliporudi, kabla ya kuulizwa habari za asali, waliulizwa na wanawake mlangoni, "Moto uliwaka?" Na jibu lilikuwa sifa au aibu ya aliyefunga.

Basi palikuwa na mjane mmoja, Nyanzala, mama wa mwana mmoja tu, Luhende. Huyu alimfungia moto mumewe mpaka mume akafa, kisha akamfungia mwanawe. Watu walisema mkoba wa Nyanzala hata chura angeuwashia bwawani. Luhende aliporudi na kujibu, "Uliwaka, mama," wanawake walipiga vigelegele, na Nyanzala aliinamisha uso kwa haya huku shingo ikirefuka. Hakuwa na kitu kingine cha kusifiwa. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mume. Alikuwa na kidole gumba chenye kovu la shoka la utotoni, lililokipasua kati kwa kati, na kila mrinaji alikuwa akiijua alama yake kwenye nta kama anavyojua mlango wa kwake.

Luhende akaoa. Mke akaitwa Milembe, na moto wa mwanamume aliyeoa hufungwa na mkewe.

Mkamwana mvivu anavumilika, unamsema kisimani ukarudi na moyo mweupe. Milembe hakuwa mvivu. Alisikiliza, akauliza mara moja, akashika. Alichambua sufi mpaka ikawa kama pumzi. Alipoijaribu jikoni ilidaka kaa kabla hajaipuliza, na Luhende akacheka kwa furaha, akasema, "Mama, umeona? Amekupita."

Ni neno la kijana aliyependa. Alilisahau palepale. Mama yake hakulisahau.

Asubuhi ya kuondoka, Luhende alikwenda kuaga wazee na Milembe akashuka mtoni. Mkoba ulikuwa umetundikwa ukutani. Nyanzala aliutazama akiwa anafagia, akafagia tena pale palipokwisha kufagiliwa. Hesabu yake haikuwa ya kuua. Jioni ya kwanza kambini kila mtu hufungua kibuyu chake na kuwasha mbele ya wenzake, na aliyeshindwa hulala kwa moto wa mwenziwe huku akitaniwa. Luhende angetaniwa, angerudi amenuna, Milembe angeulizwa mlangoni na angekosa la kujibu. Na safari ya pili mkoba ungerudi kwa mwenyewe. Aibu ya mwezi mmoja, akajiambia, nani amewahi kufa kwa aibu?

Akabandua nta, akatoa gunzi, akamimina maji ya kiganja. Sufi ikanywea kama kifaranga kilicholoa. Akarudisha gunzi, akayeyusha nta, akaimimina. Na hapo mkono ukafanya ulichozoea kufanya. Kidole gumba kikashuka, kikakandamiza, kikatoka. Yeye hakukitazama, kwa sababu nani hutazama kidole chake?

Milembe alirudi na mtungi, akautungua mkoba, akamvisha mumewe begani bila kufungua, kama desturi ilivyotaka.

Mwaka ule mvua iliwahi. Warinaji walifika kambini chini ya mawingu meusi. Mzee Mayunga, kiongozi wao, aliwasha haraka kwa mkoba wake, na wengine wote wakachukua vijinga vya moto kwake. Kibuyu cha Luhende hakikufunguliwa. Kesho yake akavuka mto kwenda kwenye mizinga yake ya mbali, peke yake, moto wake begani. Nyuma yake mto ukajaa. Wenzake walimwona ng'ambo akiwapungia mkono, na Mzee Mayunga akawatuliza waliohangaika, akisema, "Huyo mwacheni. Amefungiwa na mwanamke hodari."

Mvua haikuacha pengo. Mto ulipopungua, walimkuta amejikunja chini ya mzinga uliopasuka, meno yakigongana, viganja vimechubuka mpaka nyama kwa kupekecha. Walimbeba hadi nyumbani. Kifua chake kilikuwa kimeshikwa na kichomi, na kila pumzi ilikuwa kama msumeno.

Wanawake walisimama mlangoni. Dada wa marehemu baba yake, Bi Kashindye, mwenye ulimi usiojua kulala, akauliza lile la desturi, lakini alimwangalia Milembe. "Moto uliwaka?"

"Haukuwaka," Luhende akasema.

Milembe akashika mlango.

"Nilifungua kibuyu njiani," Luhende akaendelea kwa taabu. "Mvua ikaingia. Msimguse mke wangu. Kosa langu."

Kisha akamwita mama yake ainame, kana kwamba anataka maji, akamtilia kitu kiganjani na kukikunja kwa vidole vyake vilivyochubuka. Nyanzala hakuhitaji kutazama. Ilikuwa nta. Alipapasa alama kwa kidole gumba, na kidole kikaingia mle kama mguu unavyoingia kiatu chake, na katikati pakainuka mfupa mdogo wa nta, mahali pa kovu.

"Mama," Luhende akanong'ona, "nilikitambua kidole chako tangu kule. Nikafurahi. Nikasema, mama hakuniacha, ameupitia mkoba wangu. Kisha nikatoa gunzi."

Alikufa kabla mbaazi za uani hazijachanua.

Matanga yakakaliwa. Na matanga ya kijana hutafuta mtu wa kumlaumu. Bi Kashindye alisema mume humfichia mke kosa hata akiwa kufani, kwa hiyo maneno ya Luhende yalikuwa ya huruma tu, na mikono iliyomfungia ndiyo iliyomzika. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Yalipoisha matanga ukoo ukaamua Milembe arudi kwao, bila jembe, bila mbuzi. Nyanzala alikuwa ameketi katikati yao. Nta ilikuwa pindoni mwa nguo yake, amefundika fundo. Alifumbua mdomo mara kadhaa, kila mara akakohoa.

Milembe akafunga mzigo wake mdogo. Kabla ya kutoka alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "sikuja kubishana. Nifundishe tu, nijue nitakapokwenda. Niliianika jua kali. Niliijaribu, na wewe ulikuwepo. Nilikosea wapi?"

Angemtukana, Nyanzala angenyamaza mpaka leo. Lakini ameombwa mafunzo. Akafundua fundo, akaweka ile nta kwenye kiganja cha Milembe.

Milembe akaiwekea kidole chake. Hakikukaa. Akauchukua mkono wa Nyanzala kwa upole, kama mtu anayetaka kumtoa mwenzake mwiba, akakiweka kidole gumba cha yule mama juu ya alama. Kikakaa. Bi Kashindye, aliyekuwa karibu, alisogea akaona kwa macho yake.

"Maji ya kiganja tu," Nyanzala akasema. "Nilitaka ataniwe."

"Ungenilowesha mimi, mama," Milembe akajibu. "Mimi ningekauka."

Akasimama, akajitwika mzigo. Mlangoni akageuka, na sauti yake haikupanda wala kushuka: "Umelowesha sufi ya mkamwana, baridi imemla mwana."

Wazee wakamfuata kumbembeleza na mbuzi wawili na jembe. Hakugeuka tena. Na miezi ilipopita, habari zikaja kutoka kwao kwamba Milembe amejifungua mtoto wa kiume, macho yale yale ya Luhende. Nyanzala alitengeneza mkoba mdogo wa ngozi laini, akautia kibuyu cha sufi alichokifunga mwenyewe, akautuma. Ukarudishwa haujafunguliwa, nta ya kibuyu nzima, alama ya kovu juu yake. Aliutundika ukutani, na kila aliyeingia mle ndani aliuona.

Hivyo ndivyo maneno hayo yalivyoanza. Sasa inukeni, mmoja wenu akimbie kwa Mama Sijaona. Amwambie sijamtuma, lakini amwage ule mchuzi. Mkamwana wake hatakuwa wa kwanza kuuonja. Kwao wanaume hupakuliwa kwanza, na mwanawe yuko njiani anarudi kutoka shamba na njaa yake.

Ukilowesha sufi ya mkamwana, baridi humla mwana.