Moshi Machoni mwa Nyangi

Pafukapo moshi pana moto. Wahenga walisema hivyo wakimaanisha kuwa hakuna dalili isiyo na chanzo chake, na kwamba anayepunga moshi kwa mkono huku moto ameuacha unawaka, anajidanganya. Nyangi alijifunza methali hii kwa kichwa chake mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1956. Nyangi alikuwa mkamwana mpya katika boma la Mzee Waitara huko Nyarero. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamevuka Mto Mara kwenda kwao Nyansurura, naye akauvuka kuja kuwa mke wa Heche. Siku moja, watu wakiezeka nyumba, boriti iliponyoka juu ya paa ikamgonga utosini. Aliketi kidogo, akacheka pamoja na waliomcheka, kisha akaendelea kubeba nyasi.

Wiki kadhaa baadaye kichwa kilianza kumuuma. Kilimwanga zaidi alfajiri, na akiinama kufagia kilidunda kama mchi kinuni. Kisha akaanza kutapika. Mama mkwe wake, Bernadetha, alifurahi kama aliyeokota lulu.

"Tapika, mwanangu, tapika! Heche naye alinitesa hivyo hivyo. Hilo ni dume."

"Mama, kinachoniuma ni kichwa."

"Basi mtoto ana kichwa kikubwa kama babu yake!"

Majirani waliangua kicheko. Nyangi alijua hana mimba, maana siku zake zilikuja kama kawaida, lakini aliona haya kuizima furaha ya mama mkwe. Akanyamaza.

Ugonjwa haukunyamaza. Akiinuka ghafla, dunia ilizimika kama kibatari kilichopulizwa, kisha ikarudi. Baadaye ukungu ukaja ukakaa machoni bila kuondoka.

"Ni moshi wa kuni mbichi," alisema Bernadetha. "Nawe unapika kama mtu anayefukuza nyuki!"

Akamnawisha macho kwa maziwa. Nyangi akaanika kuni, akahamishia mafiga nje. Jiko likaacha kufuka. Macho yake hayakuacha.

Sasa, katika jamii ile mkamwana hamkaribii baba mkwe wala hampi mkono. Akimwona njiani huchepuka na kumpisha. Asubuhi moja, jua likiwaka, Nyangi alitoka kisimani na mtungi kichwani. Hakuchepuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka akamgonga Mzee Waitara kifuani, maji yakamlowesha kuanzia kofia hadi viatu. Mzee aligeuka akarudi nyumbani.

Mchana huo wanaume wa ukoo walikaa uani.

"Huyu ana dharau," alifoka Wangwe, mdogo wake Mzee Waitara. "Arudi Nyansurura, na ng'ombe wetu warudi!"

Nyangi, ambaye sauti yake haikuwahi kusikika uani, alisema kutoka ndani ya nyumba:

"Sikumdharau baba. Sikumwona. Mtu mzima, mchana kweupe, sikumwona! Nirudisheni kwetu mkitaka, lakini kwanza nipelekeni hospitali. Msiponipeleka, nitakwenda mwenyewe nikipapasa ua kwa ua."

Kesho yake Heche alimpakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya misheni.

Daktari, Mzungu mrefu, alimwingiza kwenye chumba chenye giza akamchungulia macho kwa kurunzi ndogo yenye kioo. Alitazama jicho moja, akahamia la pili, akarudia la kwanza. Dresa Benedicto, msaidizi wake, alitafsiri.

"Anasema ugonjwa wako haukuanzia machoni. Nyuma ya kila jicho kuna mshipa unaotoka kwenye ubongo, na hapo unapoingilia jicho pamevimba. Ndani ya fuvu kuna kitu kinasukuma. Uligongwa kichwa?"

Nyangi akaikumbuka boriti. "Lakini yasiyoona ni macho, kaka. Mbona asinitie dawa ya macho?"

"Dada, ukiona moshi unatoka kwenye paa, utamwagia maji paa au utaingia ndani?"

Daktari alieleza kuwa huenda damu imejikusanya chini ya fuvu. Lazima atoboe tundu aitoe upesi, ama sivyo macho yatapofuka kabisa, na uhai utafuata. Jambo zito kama hilo Heche hakuthubutu kuliamua peke yake, akatuma habari nyumbani.

Wazee walifika kesho yake. "Kichwa cha mtu si kibuyu!" alisema Wangwe. "Hatoboi mtu hapa."

Mzee Waitara alisimama barazani, ameupa mgongo mlango wa wodi kama mila ilivyotaka. Polepole akaivua kofia ambayo Heche hakuwahi kumwona ameivua. Utosini palikuwa na shimo la kutosha kidole gumba.

"Nilipigwa rungu ujanani," alisema. "Nikaumwa kichwa, nikatapika, macho yakaingia giza. Mafundi wetu wa kale walinikwangua fuvu kwa kisu, nami macho makavu, nimeuma kipande cha ngozi. Nikaona tena. Nilikuwa na dalili hizi mwilini mwangu, na bado nikakubali mkamwana wangu aitwe mwenye dharau." Kisha akapaza sauti bila kugeuka: "Mwambieni aliye ndani achague. Kichwa ni chake."

"Mwambieni aliye nje," Nyangi alijibu, "nilichagua tangu juzi."

Alinyolewa, fuvu likatobolewa, ikatoka damu nyeusi kama uji wa ulezi. Maumivu yalikuwa ya kwanza kuondoka. Ukungu ulijikokota, na pembeni mwa jicho la kushoto ulibaki kidogo maisha yake yote.

Alipopata nguvu alirudi kisimani. Akiwa njiani na mtungi wake aliona kitu mbali, kikisogea juu ya majani. Kilikuwa kofia. Nyangi alichepuka mara moja, akaingia kwenye nyasi ndefu, akageuza uso.

Mzee Waitara alipita akichunga ng'ombe wake. Alipofika usawa wake alikohoa, akamwambia fahali aliyetangulia:

"Leo tumepita wakavu."

Nyangi aliufunika mdomo kwa kanga ili kicheko kisimtoke. Ama kweli, pafukapo moshi pana moto.