Mfalme Aliyekataza Wimbo wa Kinuni

Mama Siwatu alikuwa akitwanga mpunga na wenzake wawili, kinu kimoja, michi mitatu, jirani alipokuja na habari. Walinzi wa mfalme wamemkamata Siwatu, binti yake, kisimani. Kosa lake, ameimba.

Wimbo wenyewe ni wa zamani, wa kutwangia. Waliutunga bibi zao, mwaka ambao babu yake mfalme aliwanyang'anya bonde la mpunga na kuwafanya vibarua katika mashamba yao wenyewe. "Tunalima sisi, anashiba yeye. Bonde lina wenyewe." Watu wazima walikuwa wakiusikia wanaacha walichokuwa wakifanya.

Mama Siwatu hakulia. Alijitwika mchi wake akaenda kwa mfalme. Wenzake wakamfuata na kinu.

"Binti yako amenitukana," mfalme akasema, mbele ya wageni wake.

"Wimbo hautaji jina, Mwinyi. Nani amekwambia ni wewe?"

Walinzi wakainama kuficha kicheko. Mfalme akaona haya, akatangaza kuwa wimbo huo ni marufuku. Kwa kuwa wamekuja na kinu, basi wawatwangie wageni mpunga wa chakula, na waimbe sifa zake.

Wakajaribu. Wanaotwanga watatu hupokezana, na wimbo ndio unaompa kila mmoja zamu. Sifa za mfalme zilikuwa ndefu, hazina pumzi. Michi ikagongana, mpunga ukamwagika.

"Basi twangeni kimya," mfalme akafoka.

Wakatwanga kimya, kila mmoja akifuata moyoni wimbo anaoujua. Michi ikashika mwendo. Muda si muda midomo ya walinzi ikaanza kucheza bila sauti. Wageni nao wakatikisa vichwa kufuata mapigo. Uwanja mzima uliusikia wimbo ambao hakuna aliyeuimba.

Mama Siwatu akasimamisha mchi. Alikuwa akitazama mguu wa mfalme. Yaya aliyemlea mfalme alikuwa mwanamke wa bondeni, na mguu ulikuwa ukipiga mapigo yale yale.

"Utatufunga sote, Mwinyi? Basi anza na mguu wako."

Hakuna mlinzi aliyesogea. Mfalme akaamuru binti afunguliwe.

Bonde lilikuwa bado halijarudi. Hilo lilibaki la kesho. Jioni ile Mama Siwatu alipakua wali na mchicha, akahesabu vichwa kuzunguka sinia, Siwatu akiwemo. Wote wapo. Wakala.

Funzo: Mkubwa akikataza wimbo, amekiri kuwa unasema kweli. Wafundishe wanao wimbo huo kabla hawajalala.