Mizani ya Getini

Isome yote kabla hujamtumia mwenzako. Ni fupi.

Palikuwa na mlima mrefu wenye theluji kileleni. Wageni waliupanda kwa siku sita, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Sheria ilikuwa moja tu: mgumu asipande na mzigo unaozidi kilo ishirini. Ndiyo maana getini paliwekwa mizani.

Siku ya kwanza ya safari moja, Aikande alipanga foleni na wenzake. Alikuwa mama wa watoto wawili, na shingo ilikuwa ikimsumbua tangu masika. Daktari wa zahanati alimwonya kwamba akizidisha mzigo, hatajitwika tena hata ndoo ya maji.

Mizani ikasoma kilo kumi na tisa na nusu. Mzee Ndosi, kiongozi mkuu wa msafara, akatia sahihi kitabuni. Aikande akakaza ngata ya kanga kichwani, akajitwika begi, akaanza kupanda.

Walipopita kona ya kwanza, geti halionekani tena, Lasway akamfikia akihema. Huyu alikuwa msaidizi wa Mzee Ndosi. Alikuwa amekumbatia kiti cha kukunja, spika kubwa na makopo ya bia ya mgeni mmoja.

"Shemeji, tua kidogo tutie na hivi."

"Kaka Lasway, si ndiyo tumetoka kupima?"

"Mizani iko getini. Huku ni mlimani."

Wagumu wawili wakacheka.

"Kwa nini usichukue mtu mwingine?" Aikande akauliza. "Pale getini wamejaa wanaomba kazi."

"Umesema kweli, wamejaa," Lasway alijibu huku akisindilia makopo. "Nikamwite mmoja ashike nafasi yako?"

Aikande akakaza ngata. Akajitwika.

Alipanda kwa saa mbili kwenye mizizi yenye utelezi. Wageni walimpita wakisema "pole", naye aliitikia meno yamebanana. Alimkasirikia Lasway, akawakasirikia waliocheka, akajikasirikia mwenyewe kwa kunyamaza. Penye daraja la mbao shingo ikamchoma kama imepigwa msumari. Akalitua begi katikati ya njia.

"Sibebi."

Lasway akaja mbio. "Inua! Unaziba njia, wewe!"

"Niruke."

Msafara wote ukasimama. Mzee Ndosi akarudi kutoka mbele, akatoa mizani ndogo ya ndoano, akalitundika begi. Kilo ishirini na nane.

"Lasway," alisema, "teremka. Safari yako imeishia hapa."

Wagumu wakapiga makofi. Mzee Ndosi akatoa kiti, spika na makopo, kisha akamgeukia Aikande akitabasamu.

"Haya, mwanangu. Nimekutetea. Huna hata neno la kuniambia?"

"Ninalo, Mzee. Asubuhi getini, ulipokuwa ukitia sahihi, kiti hiki ulikuwa umekikalia wewe. Kilikuwa hakijapimwa. Ulidhani kitapanda mlima kwa miguu yake?"

Makofi yakakoma.

Mzee Ndosi alikitazama kiti. "Nilijua kitabebwa," alisema. "Sikutaka kujua na nani."

"Basi usimfukuze Lasway ukabaki wewe. Ama mteremke wote wawili, ama mpande wote wawili na vitu hivi. Mimi nina kilo kumi na tisa na nusu. Ndizo ulizotilia sahihi."

Mgumu mmoja aliyecheka kule chini akasema, "Na mimi sisogei mpaka hilo liamuliwe." Wa pili akatua mzigo wake. Kisha wa tatu.

Mzee Ndosi akakifunga kiti mgongoni na kujaza makopo kwenye mkoba wake. Lasway akaibeba spika begani. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu apewe uongozi, Mzee Ndosi alifika kambini wa mwisho, jasho likimtiririka, na hakuna aliyempokea mzigo.

Funzo: Kabla hujamshukuru aliyekutua mzigo, muulize alikuwa wapi ulipokuwa ukitwishwa.