Mgonjwa Aliyetazamiwa Nyota

Wapendwa, leo twendeni mbali kidogo, mpaka Uingereza ya miaka mia nne iliyopita. Huko, katika mji mmoja mdogo, aliishi tabibu aliyetibu kwa kusoma nyota. Msimcheke, siku zile hata wenye elimu zao walikwenda kwake. Ukifika na swali, alitazama saa uliyobisha hodi, akachora mraba wenye nyumba kumi na mbili za nyota, akapanga humo jua, mwezi na sayari, kisha akakwambia kama mgonjwa wako atapona.

Jumatatu moja asubuhi akaja mwoka mikate, nyusi zimejaa unga. "Bwana tabibu, jirani yangu, yule mama mshonaji, leo siku ya nne ana homa. Atapona?"

Tabibu akachora. "Mwezi umekaa pazuri. Atapona, ila polepole."

Mwoka mikate akashukuru, akaenda zake. Hajafika mbali, akaingia mke wa fundi viatu. Swali lilelile, mgonjwa yuleyule. Akafuata mtengeneza mishumaa, kisha mpiga kengele wa kanisa, kisha mjane aishiye ghorofani kwa mshonaji, analia kwa kwikwi. Kufika adhuhuri, tabibu alikuwa na michoro mitano ya mtu mmoja. Akajisemea moyoni, mama huyu kapendwa. Natamani nikiugua mimi, niuliziwe hivi.

Mara mlango ukasukumwa taratibu. Akaingia mwanamke mwembamba, amejifunika shali, anajishikiza ukutani. Alikuwa mshonaji mwenyewe.

Tabibu akainuka haraka kitini. "Mama, si unaumwa wewe? Umefikaje hapa kwa miguu?"

"Nimeleta swali, bwana. Nina majirani watano." Akawataja mmoja mmoja. "Nitazamie nyota zao. Wako hai?"

"Wako hai wote. Asubuhi hii wamekuja hapa kukuulizia wewe."

Yule mama akaketi kwanza. "Basi ni ajabu," akasema. "Tangu nianze kuumwa hakuna aliyefungua mlango wangu. Moto ulizimika Jumamosi. Nikadhani tauni imepita, imewamaliza, nimesalia peke yangu."

Tabibu akaitazama michoro yake. Sayari zote zilikuwamo, lakini hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa ana kiu. Akaona haya, maana hata yeye hakuwa ameuliza. Akampa maji, akamshika mkono, wakaenda kubisha mlango kwa mlango. Mwoka mikate alipofungua na kumwona, alirudi ndani mbio kuchukua mkate. Jioni ile moto uliwaka, supu ikachemka, na wale watano wakabanana katika chumba cha mshonaji hata mgonjwa akaomba wawili watoke, apate hewa.

Naona mnacheka. Haya, sasa tuje kwetu.

Sisi hatusomi nyota. Sisi tuna kundi la WhatsApp. Tunauliza, "Jamani, mama fulani anaendeleaje?" Tunaweka picha ya mikono inayoomba, tumemaliza. Mgonjwa tunamuulizia kwa katibu, mnamuulizia kwangu mimi mchungaji wenu, tunamuulizia kwa Mungu kwa magoti. Kwake mwenyewe hatubishi hodi. Je, Mungu hasikii maombi yetu? Anasikia sana. Lakini nani kati yetu atamwomba Mungu ashuke akachote maji na kuwasha jiko, na mikono ametupa sisi?

Jumapili iliyopita yalisomwa hapa majina manne ya wagonjwa. Tukaitikia amina mpaka mabati yakatetemeka. Nani alikwenda kuwaona? Msiinamishe vichwa peke yenu; hata mimi sikwenda.

Kwa hiyo mahubiri ya leo nimeyakata nusu, na nusu iliyobaki mtaihubiri ninyi. Majina yale manne nimeyabandika pale mlangoni, na nyumba zao nimeelekeza. Nendeni, na mtu asiende mikono mitupu.