Mkono Uliotia Chumvi

Mama mmoja, jina lake Hidaya, alikuwa na wapishi wanne waliopika pilau la harusi. Chumvi alikabidhiwa Sikudhani, mtu mzima, aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Na wapishi hao walikuwa na adabu yao: kumuuliza mwenzako kama ametia chumvi ni kumtukana. Basi hawakuulizana.

Ikaja harusi moja, pilau likazidi chumvi, halikulika. Harusi ya pili vivyo hivyo. Wageni wakanywa maji zaidi ya walivyokula. Lawama zote zikamwangukia Sikudhani. Mwenyewe akaanza kuamini kwamba uzee umemwingia mikononi, akawa analia peke yake jikoni. Hidaya akakata shauri kumwachisha kazi, ila alitaka kwanza ushahidi. Harusi iliyofuata akaegemeza simu yake kwenye gunia la mchele, ikairekodi sufuria tangu moto ulipowashwa.

Pilau likaharibika tena. Kesho yake akawakalisha wote mkekani, akaiwasha simu, naye mwenyewe hajaitazama bado, ili waione aibu ya mwenzao.

Wakamwona Sikudhani akitia chumvi kwa kipimo chake, akafunika, akaenda zake. Akaja mwingine, akaonja mchuzi kabla chumvi haijayeyuka, akauona haujakolea. Akaongeza kidogo kwa huruma tu, mwenzake asije akaaibika. Akaja wa tatu, akaongeza. Akaja wa nne. Mwisho ukaja mkono wenye bangili pana, nao ukachota.

Hidaya akaitazama bangili yake, akasema, "Jamani, mkono huo ni wangu. Bi Sikudhani, nisamehe."

Ndipo kila mmoja naye akautaja mkono wake. Sikudhani akalia tena, safari hii kwa shukrani, akaishika ile simu na kuiambia ahsante kama anamwambia mtu, hata wakacheka wote. Tangu hapo, kila baada ya shughuli hukaa mkekani, simu katikati yao, na sharti ni moja: kila mtu aseme juu ya mkono wake. Siku hizi pilau lao hugombaniwa, nao humshukuru Mungu kwa siku ile ya aibu.

Nyani haoni kundule, ndugu zangu, na sisi hatujambo kwa kuona ya wenzetu. Simu mnazo. Siku mtakapoiweka katikati yenu kazini, utatafuta humo mkono wa nani?