Salamu ya Digidigi kwa Kaka Yake Kifaru

Paukwa!
Pakawa!
Nani kalala?
Hakuna aliyelala!
Nani ana kiu?
Hayupo, sote tumekunywa!

Basi mshukuruni Mungu, maana wanyama wa ngano hii walikuwa hawajanywa. Na wewe uliyejilaza hapo, kaa vizuri. Ngano hii ina msiba ndani yake, na msiba hausikilizwi kwa kujinyoosha.

Hapo kale, katika nchi kavu, palikuwa na chemchemi moja tu, na mwenyewe alikuwa Kifaru. Aliachiwa na babu yake, na babu yake alifia palepale akiilinda. Zamani Kifaru aliwagawia wenzake. Ukitaka kunywa, unakuja, unasimama, unampa shikamoo. Naye anasimama, anaitikia marahaba, anakuuliza habari za kwako zote, ndipo unakunywa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nchi ile. Salamu ya mkubwa haitolewi kwa kupita, wala haiitikiwi kwa kutembea. Asiyesimama hakulelewa.

Na Kifaru alipenda shikamoo kuliko majani mabichi. Lo, jamani, alizipenda! Lakini ukame ulipoingia, uroho nao ukamwingia. Akasema, "Maji yangu." Akaja Pofu na shikamoo moja, akaitikiwa, akapigwa pembe. Akaja Punda Milia na shikamoo mbili, akaitikiwa zote mbili, akapigwa pembe. Akaja Nyati na shikamoo tatu, akarudi anachechemea. Salamu zote zilipokelewa. Maji, hata tone hawakupata.

Sasa Digidigi. Mnamjua Digidigi? Paa mdogo kuliko paa wote, miguu myembamba kama njiti za kuwashia moto. Mkewe alikuwa na siku tatu tangu ajifungue, na maziwa yamekatika kwa kiu. Mtoto anafyonza, hapati. Anafyonza tena, hapati. Siku ya tatu akaacha hata kulia, na hapo ndipo Digidigi alipoogopa.

Sheria ilikuwa moja: anayeitaka chemchemi apigane na mwenyewe, wawili peke yao, hadi mmoja ashindwe. Wanyama wakapiga kura kwa vijiti. Kijiti kifupi kikamwangukia nani? Digidigi! Hakuna aliyecheka. Midomo ilikuwa imekauka mno.

Digidigi akarudi kwake. "Mke wangu, kura imeniangukia."

"Nimesikia."

"Kifaru ni kaka yangu."

Na alisema kweli. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga, akaokotwa na mama Kifaru. Ziwa la kulia alinyonya Kifaru, ziwa la kushoto akanyonya Digidigi. Ndugu wa kunyonya ni ndugu, wala damu yake haimwagwi. Kifaru ndiye aliyemfundisha kutembea, akimsukuma kwa pua, polepole asije akamvunja.

"Damu yake haramu kwangu," akasema Digidigi. "Nimwendee vipi?"

Mkewe akamtazama sana. "Baba nanii, ukienda utalia, na usipoenda utalia. Lililoandikwa limeandikwa. Lakini huyu hapa," akamsogeza mtoto mbele yake, "huyu hana kesho nyingine. Nenda."

Digidigi akalia palepale. Kisha akaenda.

Mwenye kumwita mwenzake kwenye pambano ndiye huchagua uwanja. Digidigi akachagua mbuga ya magadi, nyeupe pee, juu ngozi kavu, chini tope lisilo na mwisho. Ukipita mbio, inakubeba. Ukisimama, inakumeza. Kijinyama chepesi hakiisikii, lakini mnyama mzito hujua kwamba pale hapasimamwi. Kifaru alijua vizuri, maana ameivuka mbio tangu utotoni.

"Mdogo wangu," akasema Kifaru akiwa bado ukingoni, "wamekosa mtu wa kumtuma?"

"Kura, kaka."

"Basi kimbia nisije nikakuua."

"Siwezi kukimbia, kaka. Mtoto hanyonyi."

Kifaru akainamisha pembe, akaja. Tu! tu! tu! tu! Digidigi, pyu! Akakwepa. Kifaru akazunguka mbio, akaja. Tu! tu! tu! tu! Digidigi, pyu! Akakwepa, lakini pembe ilimparuza ubavu, damu ikatoka. Wanyama kando ya mbuga wakasema, "Amekwisha." Kifaru akazunguka mara ya tatu. Tu! tu! tu! tu!

Digidigi hakukwepa. Alisimama wima, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, akasema kwa sauti ya nyumbani:

"Shikamoo, kaka."

Ee, ndugu zangu! Kifaru angeweza kumpitia juu kama jani. Lakini watu wote wanatazama, na salamu imetolewa kwa kusimama. Akakaza miguu, akasimama.

"Marahaba, mdogo wangu."

Dii! Kwato zikazama.

"Umeamkaje, kaka?"

"Nimeamka salama. Hujambo?"

"Sijambo."

Dii! Vifundo vikazama.

"Mifupa inakuuma bado, kaka?"

"Asubuhi tu. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, ila kiu."

Dii! Magoti yakazama. Kifaru akataka kuinua mguu, mguu haukuja. Akavuta mwingine, haukuja. Akakoroma, akajitupa huku, akajitupa kule, na kila alivyojitupa ndivyo alivyozidi kushuka. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Akatulia. "Digidigi, umenisalimu ili uniue?"

"Ndiyo, kaka."

"Na ile salamu, ilikuwa ya uongo?"

"Ilikuwa ya kweli. Ya uongo usingesimama."

Tope likafika tumboni. Digidigi akasogea karibu, akasema haraka haraka, "Kaka, sema neno moja. Sema maji ni ya wote. Wale pale wana kamba za mizizi, Nyati yupo, Tembo yupo, tutakuvuta. Sema tu!"

Kifaru akaitazama chemchemi yake kwa mbali. Akawatazama wale wote aliowapiga pembe. Midomo ilimcheza. Wallahi ilikaribia kusema.

"Babu alifia pale," akasema. "Nikiitoa kwa sababu nimekwama kwenye tope, nitamwambia nini?"

"Mwambie mdogo wako alikuomba!"

"Wewe una mtoto, mimi nina babu. Usilie. Hukuichagua kura wewe."

Alikuwa mroho, naam, na mbishi, lakini hapo hakumtukana mtu. Akasema tu, "Wasinicheke."

Digidigi akawageukia wanyama, akapiga kelele na kifua chake kile kidogo, "Atakayecheka nitapigana naye!" Hakuna aliyecheka. Akabaki pale, magoti chini, akimhesabia kaka yake pumzi mpaka pembe nayo ikazama, na magadi yakajifunga juu yake meupe vilevile.

Wanyama wakakimbilia majini. Vuu! Pofu akanywa. Punda Milia akanywa. Nyati akanywa mpaka akakohoa. Mke wa Digidigi akanywa taratibu, na jioni ile maziwa yakashuka, mtoto akashika ziwa, akanyonya, akasinzia nalo mdomoni.

"Digidigi, njoo, maji ni yako!"

Akaja. Wakampisha. Akainama, mdomo ukagusa maji, akauinua. Akainama tena, akauinua. Hakuweza. Akaenda zake vichakani, akalamba umande kwenye majani.

Mpaka leo hamtamkuta Digidigi kwenye kundi linalokunywa. Hunyonya majani, hulamba umande, basi. Na mkimtazama karibu mtaona mfereji mweusi pembeni mwa jicho lake. Huo hautoki kwa kunawa.

Mnauliza fundisho? Haya, shikeni, msije mkasema mmeondoka mikono mitupu. Wakubwa wenu wasalimieni kila siku, na mkisalimiwa simameni, muitikie vizuri. Salamu haijapata kumwua mtu.

Ngano yangu imekaukia hapo. Mwenye kiu zaidi akachimbe ya kwake.