Mlango wa Nyuma ya Mkeka

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa nyumba.

— Nyumba ya nani?

— Ya mwanamke mmoja, mbele inanukia, nyuma inanuka!

— Simulia, pua tumeziba!

Haya, sogeeni. Wewe uliye karibu na moto, chochea kuni, acha kunikodolea macho. Na mwenye usingizi akalale mapema, mimi sisimulii mikoromo.

Hapo kale, kale ya kale, wadudu walipokuwa bado wanajibu wakiulizwa, palikuwa na mjane jina lake Bi Mwanamkuu. Alikuwa na binti mmoja tu, Mize, na sifa moja tu: kunukia. Asmini kichwani, udi nguoni, marashi viganjani. Akipita njiani, waliokaa barazani walimjua kabla hawajageuka kumtazama.

Sasa, katika mji ule nyumba zilikuwa za fito na udongo, na ukuta wa udongo jua likiwaka hupasuka. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kukandikwa. Siku hiyo majirani wote huja, hukanyaga udongo kwa miguu, huziba nyufa, hula ubwabwa, hurudi kwao. Bi Mwanamkuu hakuwa akienda.

"Mimi na udongo wapi na wapi!" alisema. "Harufu yake ikiingia kwenye kucha haitoki."

Basi na wenzake hawakwenda kwake. Ukuta ukapasuka, akatundika mkeka. Ukapasuka tena, akatundika kanga. Ukapasuka tena, akasogeza kabati. Kila aliyeingia alisema, "Mashallah, nyumba imependeza!"

Mize akaposwa. Kijana alikuwa Faki wa mji wa pili, na Mize alimpenda, tena kupenda hasa, si kwa kulazimishwa. Tatizo lilikuwa mama yake Faki, Bi Mashavu. Pua ya mama yule, jamani! Ilishasemwa kuwa aliwahi kwenda na sanduku la arusi nyumba fulani, akanusa mara tatu, akaondoka na sanduku lake, na arusi ikafa siku hiyo hiyo. Mize akawekwa ndani, akasingwa kwa liwa mwili unukie, akangojewa Bi Mashavu.

Badala ya Bi Mashavu wakaja kunguni.

Si wale wa kitandani, la. Hawa ni wale wa shambani, wenye mgongo kama ngao, ukimponda mmoja utatamani pua ungeiacha kwa jirani. Mtama ulikuwa umevunwa, kipupwe kimeanza, nao wanatafuta pa kujisitiri. Wakajaa kwenye kuta, wakajaa kwenye boriti, wakajaa kwenye chandarua. Mbele yao alikaa jumbe wao, mnene, ametulia. Akaimba:

"Bibiye, Bibiye,
mlango tumeukuta wazi,
tumeingia, tumekaa!"

"Mmekaa wapi nyie!" Bi Mwanamkuu akavua mtalawanda wake wa mti. Paa! Paa! Paa! Uvundo ukapanda mpaka kwenye makuti. Na wa nje waliposikia harufu ya wenzao, wakaja wengi kuliko wa kwanza. Jumbe akaimba:

"Bibiye, Bibiye,
mlango tumeukuta wazi,
tumeingia, tumekaa!"

Bi Mwanamkuu akatia makaa kwenye chetezo, akamimina udi wote aliokuwa nao, hata ule wa arusi. Moshi ukajaa nyumba. Je, uvundo uliondoka? Thubutu! Udi na uvundo vikachanganyika, ikazaliwa harufu ya tatu ambayo haina jina. Kunguni wakapiga chafya, wakabaki. Jumbe akaimba:

"Bibiye, Bibiye,
mlango tumeukuta wazi,
tumeingia, tumekaa!"

Bi Mwanamkuu akashika ufagio, akachapa huku, akachapa kule. Kunguni wakaruka wakamwangukia Mize, kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye vikuba vya asmini. Mize akajinusa. Akaanza kulia.

"Mama, sasa nanuka mimi. Bi Mashavu atarudi na sanduku lake, na Faki ndiyo basi tena."

Ufagio ukamtoka mama mkononi. Akaketi chini sakafuni, maana alimwonea huruma mwanawe na hakuwa na la kufanya. Na kwa kuwa sasa alikuwa amenyamaza, ndipo aliposikia walichokuwa wakiimba muda wote ule.

"Mlango gani?" akauliza. "Mlango wangu naufunga kila magharibi."

"Si ule wa mbao," akasema jumbe. "Huu wa nyuma ya mkeka. Mpana hivi, tulidhani umetutengenezea sisi. Tukasema, mama huyu mkarimu kweli!"

Bi Mwanamkuu akafunua mkeka. Jua likaingia. Akafunua kanga, mkono ukapita mpaka nje. Akasukuma kabati, na kwenye ufa uliokuwa nyuma yake kuku wa jirani akachungulia ndani, akamtazama, akaendelea na safari yake.

Hakutia marashi siku hiyo. Alijitanda kanga akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Bi Chausiku, ambako watu walikuwa wakikanyaga udongo.

"Hodi!"

"Karibu. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nyumba yangu inanuka."

Watu wakaacha kukanyaga.

"Nani kasema?" akauliza Bi Chausiku.

"Mimi ndiye nasema. Na kuta zimepasuka siku nyingi, nilikuwa nazifunika, sasa kunguni wa shambani wamejaa ndani. Kwenu sijawahi kuja. Nimeona haya, lakini nimekuja."

Hakungoja jibu. Akavua mitalawanda, akapandisha kanga, akaingia udongoni mpaka magotini. Akakanyaga, akateleza, akakaa chini bwata! Watu wakacheka, na yeye akacheka, na Bi Chausiku akampa mkono akamwinua.

"Udongo tutaleta kesho," akasema. "Hao wadudu umewafanyaje?"

"Nimewaponda."

"Lo! Umewaita na wenzao! Hao hawapondwi, shoga. Shika bakuli la maji ya sabuni chini yake, umguse na unyoya wa kuku. Akishtuka hujiachia mwenyewe."

Kesho yake wakaja. Wanaume na fito, wanawake na udongo. Mize akaoga, akashika bakuli na unyoya, akazunguka nyumba nzima. Akimgusa mmoja, chubwi! Akimgusa mwingine, chubwi! Akimgusa mwingine, chubwi! Uvundo mpya hakuna, na ule wa jana ukamezwa na udongo mbichi. Ukabaki ufa mmoja, na kwenye ufa huo amekaa jumbe.

"Bibiye, mlango unafungwa?"

"Unafungwa."

"Na mimi?"

"Mabua ya mtama yako shambani, nenda kalale."

Jumbe akatoka taratibu kama mtu mzima. Nyuma yake ukapigwa udongo, pwaa!

Udongo haujakauka, vigelegele vikasikika njiani. Bi Mashavu huyo! Kaja na shangazi, kaja na sanduku, kaja na pua. Na ndani hakuna udi hata chembe, umekwisha wote.

Bi Mashavu akasimama mlangoni. Akanusa mara moja. Akanusa mara ya pili. Akanusa mara ya tatu. Kule chumbani Mize alijishika kifua.

"Nasikia harufu," akasema Bi Mashavu.

"Ya udongo mbichi," akajibu Bi Mwanamkuu. "Nyumba imekandikwa leo. Mikono yangu hii hapa."

Bi Mashavu akaishika ile mikono, akazitazama kucha.

"Nani kakusaidia?"

"Hawa wote unaowaona uani."

"Mimi nyumba ikinukia sana hunitia wasiwasi," akasema Bi Mashavu. "Ile niliyorudisha sanduku ilifuka udi mpaka macho yakanitoka machozi, nikajua kuna linalofichwa. Hapa naona kuta, naona watu. Mwanangu akioa hapa hatakosa wa kumkandikia. Tueni sanduku, jamani, nataka kumwona mwari."

Sanduku likatuliwa. Mize akasikia kishindo chake, akacheka na kulia kwa pamoja.

Basi, mnaonisikiliza, mwenye ufa asitundike mkeka, aite majirani. Na akitaka waje kwake, na yeye akatie mguu kwenye udongo wao.

Ngano imeingia ufani, nami nimepiga udongo. Arusini nilikuwepo, nikala nikashiba. Wakati wa kuondoka yule jumbe aliingia kwenye kofia yangu, akasema kumepoa huko nje. Kwa hiyo mkisikia harufu hapa, msinitazame mimi. Na tafadhalini, asinipige mtu kichwani!